Mtutu mpya wa bunduki ya mjomba: kaliba isichaguliwe kwa sifa za barazani

Bwana Mhariri, salaam aleikum wewe na wenzako wote hapo ofisini.

Naandika kumjibu yule ndugu yetu wa Likoni ambaye barua yake mliichapisha juzi juzi, anouliza kuhusu bunduki ya kuwindia ya mjombake aliyeko Tanga, Mauser ya kizamani ya Kijerumani, mtutu ushaliwa na kutu ndani na sasa familia wataka kuutoa waweke mwengine na hawajui waweke wa kaliba gani, yaani upana wa tundu la mtutu na aina ya risasi yake (zile namba zinazoanza na nukta ni upana huo kwa inchi). Sikuwa na nia ya kuandika lakini majibu ya wasomaji yaliyofuata yamenitia wasiwasi wa kweli, manake wengi walimwambia mambo mawili tu, kwanza aweke .300 Winchester Magnum, risasi ile yenye baruti nyingi na kasi, ati ndo bunduki ya mwanamume, na pili mtutu aagize uje na meli hapa Mombasa alafu avuke nao mpaka wa Lunga Lunga kwenye basi kama mtu aliyebeba bomba la maji. La kwanza laweza kumuumiza mjomba uso na macho, la pili laweza kumweka mpwa ndani. Mimi nimefanya kazi miaka mingi kwenye duka la silaha lenye leseni hapa mjini, kazi yangu ilikuwa nyuma kwa mafundi, na haya mambo ya mitutu nayajua, kwahiyo naomba nafasi hata kama barua itakuwa ndefu.

Kwanza tuwekane sawa kuhusu sheria, asije kijana akasoma hapa akachukua bunduki ya babake akaelekea Shimba Hills. Kenya kuwinda kwa starehe kulipigwa marufuku 1977 na sheria ya wanyamapori ya 2013 imeshikilia hapo hapo. Tanzania wao wana vibali, vya watalii na vya wananchi wenyewe, kwa msimu na kwa mnyama aliyetajwa kwenye kibali, na mjomba huyu kwa mujibu wa barua ni mtu wa vibali, bunduki yake imesajiliwa na huwinda swala, kongoni na nguruwe pori upande wa Handeni. Basi yote ntakayosema ni kwa bunduki ya namna hiyo, iliyo na makaratasi yake kamili, sio nyengine.

Hizi sifa za bunduki kubwa hapa petu zina asili yake. Mombasa ilikuwa mlango wa wawindaji tangu enzi za reli, Theodore Roosevelt mwenyewe alishuka hapa Aprili 1909 akiwa na Springfield ya .30-06, Winchester ya .405 na bunduki ya mitutu miwili ya Holland & Holland, na wageni wa aina hiyo waliendelea kupita hapa kwa miaka mingi, hadithi zao zikabaki barazani mpaka leo mtu hajashika hata bunduki ya ndege ashakwambia kaliba ndogo ni ya watoto. Lakini hadithi hizo hizo ukizisikiliza vizuri zasema kitu chengine. Wale simba wawili wa Tsavo waliokuwa wakila wajenzi wa reli 1898, Patterson aliyewaua alitumia .303, kaliba ambayo leo hao hao wataidharau. W.D.M. Bell aliyewinda Karamoja aliangusha ndovu zaidi ya 1,000 na wengi wao kwa 7x57, risasi ya milimita saba tu, ambayo teke lake hata mtu mwembamba alivumilia siku nzima. Simwambii mtu amuige Bell, leo sheria hazimruhusu na mimi naona ni haki zisimruhusu, ninachosema ni kwamba yule bwana alijua ubongo wa ndovu uko wapi na alitumia risasi ngumu isiyopasuka njiani, ndo siri yake, sio ukubwa wa shimo la mtutu.

Haya tuje kwa bunduki yenyewe. Kabla familia haijatoa hata shilingi ya mtutu mpya, mjomba ahakikishe ule wa zamani umekufa kweli. Nshaona mitutu mingi ikihukumiwa bure. Mtu asema bunduki haishiki shabaha tena, mtutu umeisha, kumbe skrubu za kitako zimelegea, au vishikio vya darubini vimelegea, au mtutu ndani umejaa shaba ya risasi za miaka ishirini ambayo haijasafishwa kwa dawa yake ila mafuta tu yamepitishwa juu juu. Au mdomo wa mtutu umegongwa. Pale mdomoni ndo risasi yaachana na bunduki, na ikiwa upande mmoja una kovu basi gesi hutoka upande huo kwanza na risasi yaenda pembeni, na dawa yake ni fundi kukata mdomo upya milimita chache kwa mashini, kazi ya asubuhi moja. Kwahiyo asafishe mpaka kitambaa kitoke hakina rangi ya kijani wala buluu, akaze skrubu zote, atazame mdomo, kisha, baada tu ya aina ya risasi kuhakikishwa kama ntakavyoeleza chini, apige shabaha ya karatasi akiwa ameketi na bunduki imelazwa kwenye gunia la mchanga. Ikiwa bado zatawanyika, basi fundi aingize kile kikamera chembamba atazame koo la mtutu, yaani pale mbele tu ya chemba, lile tundu la nyuma ganda linapokaa, ambapo moto wa baruti hupiga mwanzo. Koo likiwa limepasuka pasuka kama ardhi ya kiangazi, au ile mifereji ya ndani inayoizungusha risasi imekuwa na mashimo ya kutu mwanzo mpaka mwisho, hapo sasa nakubali, mtutu umeisha.

Na kwa bunduki za umri huo nafikiri najua kilichoumaliza. Risasi nyingi za zamani, hasa za kijeshi, fataki yake, kile kidude cha kitakoni kinachowasha baruti, ilikuwa na kemikali ambayo ikiungua yaacha chumvi ndani ya mtutu, chumvi ya potasiamu, na chumvi hiyo yavuta unyevu wa hewa. Mafuta hayaiyeyushi, ilotakiwa ni maji ya moto kumiminwa ndani kisha ukaushe kisha ndo upake mafuta, na ukilala bila kufanya hivyo ukiwa pwani, hewa yetu hii, asubuhi kutu ishaanza. Wazee wengi walipaka mafuta tu wakaamini wamemaliza, na wengine walipaka mafuta ya nazi, nayo pia hayaiyeyushi chumvi hiyo. Alafu bunduki yarudishwa ndani ya ala ya ngozi na kufungiwa kabatini, na ngozi yashika unyevu wiki nzima. Mtutu mpya ukiingia nyumba ile ile na mazoea yale yale, ni pesa zimetupwa baharini.

Sasa naomba ndugu yangu wa Likoni asome hapa polepole, manake hakuna hata mmoja kati ya waliomjibu aliyeligusia hili na ndilo lililonisukuma zaidi kuandika. Barua yake ilisema bunduki ni ya "milimita nane". Mauser za Kijerumani za milimita nane ziko aina mbili na zafanana kabisa kwa macho. Kuna 8x57 I ya mwanzo, ambayo risasi yake ni inchi .318, na kuna 8x57 IS iliyokuja jeshini mwanzoni mwa karne iliyopita, yapata 1905, risasi yake ni inchi .323. Tofauti ni kama milimita 0.13 tu, unene wa karatasi moja nzito, na ganda ni urefu ule ule wa milimita 57, kwahiyo risasi ya IS mara nyingi yaingia ndani ya chemba ya bunduki ya I na bolti, kile chuma cha nyuma kinachosukuma risasi ndani na kuifungia, yafunga vizuri na mtu aona mambo sawa. Alafu akifyatua, risasi nene yalazimishwa kupita kwenye mtutu mwembamba na presha yapanda mpaka pahali ambapo chuma hakikuundiwa. Na mafundi wa Kijerumani waliendelea kutengeneza bunduki za kuwindia za .318 hata baada ya jeshi kuhamia .323, miaka mingi tu, kwahiyo huwezi kusema yangu ni ya juzi basi ni IS. Atazame alama zilizopigwa kwenye mtutu karibu na chemba, kama hakuna herufi S asidhanie, apeleke kwa fundi asukume kipande cha madini laini ya risasi (sio risasi ya kufyatua) ndani ya mtutu uliopakwa mafuta kisha kipimwe kwa maikromita. Mpaka hapo pajulikane, mjomba asifyatue tena risasi yoyote kwenye bunduki hiyo, hata moja ya kujaribu. Nasema haya kwa uzito wote.

Tuje kwa kaliba mpya. Watu wengi wafungua katalogi wakatazama jedwali la mwendo wa risasi na waanza kuchagua kutoka hapo. Mimi nasema aanzie kwenye bolti. Uso wa bolti ya Mauser 98 ya kawaida umechongwa kupokea kitako cha ganda cha kama milimita 12, na Mungu asifiwe kuna familia kubwa ya risasi zenye kitako hicho hicho, 7x57, 8x57 yenyewe, .270 Winchester ya 1925, .308 Winchester ya 1952, .30-06 ya 1906, na 9.3x62. Yoyote katika hizi bolti haiguswi. Ukitoka nje ya familia hiyo ukaenda .300 Winchester Magnum, kitako chake ni milimita 13.5, maana yake fundi aanze kula chuma cha uso wa bolti, kishikizi cha kutolea ganda kirekebishwe, njia za magazini zipanuliwe, na kila pahali utakapokwangua umeondoa kitu ambacho yule aliyeunda bunduki alikiweka kwa sababu.

Alafu presha. 8x57 IS presha yake ya juu kwa viwango vya Ulaya ni bar 3,900 (bar ni kipimo cha presha), .300 Winchester Magnum ni 4,300. Bunduki ya mjomba kwa maelezo ni ya kabla ya vita vya pili, na Mauser za enzi hizo chuma chake kilifanywa kigumu kwa juu juu tu, kama ngozi, ndani chuma ni laini, kwa makusudi, isipasuke kama kioo. Ni bunduki imara sana, wallahi siitii kasoro, lakini ikipigwa na presha isiyo yake mara kwa mara yale masikio ya bolti, vile vinundu vinavyoishikilia ikifungwa, huanza kuchimba kwenye chuma wanachoegemea, nafasi kati ya bolti na kitako cha ganda yaongezeka kidogo kidogo, mpaka siku ganda linapasuka na gesi kurudi nyuma, na nyuma ndo uso wa mpigaji uko. Na huo mwendo anaouongeza ni wa nini hasa? Risasi ya grini 180, yaani karibu gramu 12, kwa .30-06 yatoka kama mita 820 kwa sekunde, kwa .300 Magnum kama 900. Hizo mita 80 zina maana kwa mtu anopiga mnyama upande wa pili wa bonde, kwenye majani mafupi ya uwanda mkubwa. Kichaka cha Handeni mtu hamuoni kongoni mpaka yuko karibu, mara nyingi chini ya mita 100, hapo mwendo wa ziada humpa mjomba teke la bega na kelele na nyama iliyoharibika, na mtutu unoisha mapema, manake baruti nyingi kupita kwenye tundu dogo ndo hula koo haraka.

Kuna msomaji mmoja alitaja 9.3x62 na huyo namheshimu, alijua anachosema. Hiyo kaliba iliundwa na Otto Bock wa Berlin 1905 hasa kwa ajili ya wawindaji na walowezi wa Kijerumani Afrika, iingie kwenye Mauser ya kawaida bila kugusa bolti wala kurefusha mwili, yaani kile chuma kinachobeba bolti, na Tanganyika iliwahi kuwa nayo kwa wingi. Risasi nzito ya grini 286, mwendo wa wastani, presha ni 3,900 ile ile, yaingia ndani sana na haiharibu nyama kama zile za kasi. Kama ningechagua kwa mapenzi tu ningesema aiweke hiyo na barua ingeishia hapa. Lakini tutazame vizuri, 9.3 kwa inchi ni .366, na kanuni za Tanzania kwa wanyama wa hatari, nyati na simba na tembo, ni .375 kwenda juu. Kwahiyo mtu ataweka 9.3 akiota nyati na hatoruhusiwa nayo, na kwa swala ni nzito kuliko haja, na risasi zake ni ghali na hazipatikani kila duka. Mjomba hakusema ana mpango na nyati. Akiwa nao siku moja, atafute bunduki nyengine ya .375 H&H iliyoundwa kuwa .375 tangu kiwandani, asiijaribu kwenye hii, manake ile risasi ina urefu wa milimita 91 na zaidi na Mauser ya kawaida imeundiwa kama 82 mpaka 84, wanaoilazimisha hukata chuma nyuma ya sikio la chini la bolti, pale pale panapobeba mzigo wote.

Basi kwangu mimi imebaki .30-06 au kubaki na 8x57 lakini mtutu wa IS mpya ulio sahihi. Zote mbili zinafaa mwili ule, .30-06 presha yake ni 4,050, juu kidogo tu, na mwili ukipimwa na fundi ukaonekana masikio hayajachimba hauna shida nayo, ingawa mara nyengine sanduku la magazini lataka kukwanguliwa kidogo manake risasi ni karibu milimita 85. Mimi ningeweka .30-06, na sababu yangu sio mwendo. Sababu ya kwanza ni kwamba nyumba ambayo imekuwa na bunduki ya milimita nane kwa miaka yote hiyo bila shaka ina risasi za zamani kwenye makopo na madroo, na binamu na majirani waliozoea kusema "leta zile za milimita nane", na kuweka mtutu mwengine wa milimita nane hapo ni kuuweka mkanganyiko ule ule kwa watoto wao. .30-06 ni ndefu kuliko 8x57 na jina lake ni jengine, kwahiyo kukosea kutapungua, lakini bado kwawezekana na ni hatari risasi ya milimita nane ikilazimishwa ndani ya chemba ya .30-06, kwahiyo zile za zamani lazima zitolewe nyumbani zikakabidhiwe polisi. Sababu ya pili, .30-06 yatengenezwa karibu kila nchi inayotengeneza risasi, uzito kutoka grini 150 mpaka 220, na mtutu ambao mifereji yake yazunguka mara moja kwa kila inchi 10 wazishika zote hizo. Atumie 180 kwa kila kitu, asipate shida ya kuchagua chagua.

Lakini kabla ya kuagiza, na hili ni kubwa kuliko yote niliyosema ya presha na mwendo, mjomba atoke aende kwenye duka lenye leseni huko kwao aulize rafuni kuna risasi gani leo, na mwaka jana walikuwa na gani, na bei. Kama huko .308 ndo ipo na .30-06 haipo, basi aweke .308, nimebadilisha mawazo yangu papo hapo. Tofauti kati yao porini hata mnyama wala mpigaji hataijua. Mtutu mzuri wa kaliba isiyo na risasi ni chuma cha ukutani.

Kuhusu chuma chenyewe, kuna wanouliza stenlesi au chuma cheusi. Watu wa pwani hudhani stenlesi haishiki kutu, na hapo wamedanganywa na sufuria za jikoni. Stenlesi ya mitutu ni aina ambayo imetiwa salfa ili ichongeke vizuri, na kwa hewa ya chumvi ya Tanga au ya kwetu Nyali hushika madoa na mashimo pia, inachelewa tu. Kama tofauti ya bei sio kubwa achukue stenlesi, kama ni kubwa achukue ule mweusi wa kromu-moli, yaani chuma kilichochanganywa na kromu na molibdenamu, na pesa zilobaki anunue dawa ya kusafishia na mafuta mazuri ya bunduki na kile kipakiti cha kunyonya unyevu cha kuweka kwenye sefu. Urefu inchi 22 au 24, basi, mrefu zaidi wamsumbua vichakani. Unene uwe wa kuwindia, sio ule mnene wa mashindano ambao utamlazimu kuchimba kitako cha mbao na kubeba kilo za ziada juani. Na aangalie kama mtutu mpya waja na shabaha za chuma mbele na nyuma, wengi waja watupu, na mzee aliyezoea shabaha za chuma atajikuta na bunduki isiyo na macho na gharama nyengine ya darubini ambayo hakuipanga.

Kazi ya kufunga sio ya fundi wa lethi wa kawaida hata awe hodari namna gani. Nimeona mafundi wa Shimanzi wanaoweza kutengeneza shafti ya trekta bila mchoro, nawavulia kofia, lakini kisheria hawana ruhusa kugusa silaha na kikazi hawana geji, vile vipimo vya chuma vyenye umbo la ganda. Uzi wa Mauser kubwa ni inchi 1.1, nyuzi 12 kwa inchi, na pembe yake ni digrii 55, sio 60 ambayo wengi wamezoea, na mtutu hauegemei mbele kwenye mwili kama bunduki nyingi za Kimarekani, waegemea pete ya ndani, kwahiyo asiyejua atakaza mpaka aone umefika kumbe haujafika. Mitutu mingi huuzwa na uzi tayari na chemba ambayo haijamaliziwa kidogo, fundi aimalizia kwa rima, kile chombo cha kuchongea tundu, mpaka bolti ifunge kwenye geji ya kwanza na isifunge kwenye ya pili. Mjomba aombe kuona kwa macho yake hizo geji mbili zikiwekwa. Fundi asiyekuwa nazo, au anayesema atapima kwa utepe wa gundi nyuma ya ganda, amshukuru aondoke. Na risasi za mwanzo zipigwe bunduki ikiwa imefungwa kwenye meza na yavutwa kwa kamba, watu wakiwa nyuma ya ukuta, alafu maganda yatazamwe moja moja kabla ya mtu yeyote kuweka shavu pale.

Mwisho ni hilo la kuvuka mpaka, na hapa namwomba ndugu yangu wa Likoni anisikilize kama kakake. Mtutu peke yake, bila kitako bila bolti, mbele ya sheria sio bomba. Sheria ya silaha ya Kenya, sura ya 114, yahesabu sehemu za silaha kuwa silaha, na Tanzania wana sheria yao ya udhibiti wa silaha ya 2015. Ukiuingiza bandarini bila kibali ni kosa, ukikaa nao nyumbani Likoni bila cheti ni kosa, ukiuvusha Lunga Lunga kuingia Horohoro bila karatasi za pande zote mbili ni kosa jengine tena, na haitasaidia kusema ni wa mjomba na mjomba ana leseni. Pia huhitaji kabisa kuupitisha Kenya. Mwenye bunduki ni mjomba, yuko Tanzania, basi yeye mwenyewe aende kwa polisi wanaoshughulikia leseni huko kwao kwanza, aeleze ataka kubadilisha mtutu na kaliba, apate ruhusa kwa maandishi, duka lenye leseni la huko ndilo liagize kwa jina la duka, lipokee na lifunge. Leseni yake imeandikwa kaliba ya zamani, siku bunduki inatoka kwa fundi ikiwa .30-06 na karatasi yasema milimita nane ana silaha isiyolingana na leseni, na hata kununua risasi hataweza. Kwahiyo leseni ibadilishwe kabla bunduki haijatoka dukani, sio baadae. Wewe mpwa msaada wako uwe wa pesa na ushauri, tuma kwa simu, mtutu usiuguse.

Na ule mtutu wa zamani usirudi nyumbani kuwa kumbukumbu chini ya kitanda, nao bado ni sehemu ya silaha hata ukiwa na kutu namna gani. Uachwe dukani, wauandikishe kwamba wameupokea ili ukaharibiwe mbele ya polisi, mjomba apewe karatasi yake na aiweke pamoja na leseni mpya.

Wasalaam,
Fundi mstaafu, Majengo, Mombasa